Punda wa Kinyozi

Kliniki ya Mifugo
Jumatatu, 3 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Nimefika salama na kazi nimeanza. Nimepewa koti jeupe ambalo mikono yake inanifunika mpaka vidole, na ufunguo wa chumba cha dawa, ambao Mkuu wa kliniki alinikabidhi kama anayenikabidhi mtoto wake mchanga. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu huitaki. Unasema inakukata maneno. Mimi nasema inakukata kabla hujamaliza kujisifu.

Babu, laiti ungekuja kuona! Chumba chetu ni kimoja kikubwa, meza ya bati katikati, mizani ya ng'ombe nje mlangoni, na benchi la wenye wanyama ambalo halikai tupu. Siku ya kwanza makanika alileta kobe aliyepasuka gamba kwa kugongwa na toroli. Tumemziba kwa gundi ileile anayozibia matangi, na kobe ameondoka anang'aa kuliko magari ya gereji. Mwenye duka ana kasuku anayetukana. Alimwambia Mkuu, "Toka hapa, huna adabu!" na Mkuu akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni kabla hajakumbuka yeye ni nani. Darini tuna popo. Nimeomba wasifukuzwe. Wana nyuso nzuri, ukiwatazama bila haraka.

Ijumaa ilikuwa ngumu. Mfyatua matofali alileta punda wake mzee juu ya mkokoteni. Lori lilimpitia, nyonga ikasagika, hakuwa na namna ya kusimama tena. Hali, hanywi. Ikabidi nimpumzishe kwa sindano. Nilimshika sikio mpaka mwisho. Kisha nikaenda nyuma nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumtibu bata.

Meneja hajambo? Mkune pale chini ya shingo, anapopapenda. Mwambie nikiona punda yeyote huku namwona yeye.

Mjukuu wako,
Daktari (bado nalionea aibu hilo neno)


Nyumbani
Tarehe kumi na mbili, au kumi na tatu, Februari

Kwa Daktari wa Wanyama Wote, mjukuu wangu, damu yangu mimi,

Marahaba. Barua nimeisoma mwenyewe, sikumwomba mtu, na bila miwani, kwa sababu miwani imekaliwa na aliyeikalia hataki kusema. Maneno magumu nimeyaruka na sikuona pengo lolote. Usishangae herufi zangu kuwa kubwa. Sina jambo dogo la kusema.

Aibu ya nini na neno daktari? Hapa mtaani wote wanajua udaktari umeutoa kwangu. Huko chuoni walikuongezea majina tu. Mimi nimewahi kumvuta ndama tumboni kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Waulize. Walioona wamekufa, lakini waulize.

Popo wafukuze. Sura nzuri iko wapi pale?

Meneja ni mzima kama reli. Anakula, anacheza, juzi alitaka kuruka ukuta. Usimwazie.

Sasa nina jambo, na si langu. Unamkumbuka jirani yangu Kinyozi, yule anayenyoa huku anaongea mpaka mtu anatoka na kichwa kimeinamia upande mmoja. Basi Kinyozi amenunua punda. Punda mwenyewe kijana kabisa, miaka mitatu, minne. Kinachomsumbua ni hiki: anachukua majani vizuri, anatafuna, anatafuna, halafu tonge linadondoka chini limelowa mate. Analitazama kama si lake. Mdomo una harufu. Anakonda. Kinyozi hana raha, mtu mzima analialia. Nimemwambia, wewe tulia, nina mjukuu daktari, ataandika dawa. Basi andika. Andika tu. Kuja usije, safari ndefu na kazi ni mpya. Na sindano usitume.

Kinyozi ameuliza jambo lingine, mimi nakufikishia tu. Je, hao punda wazee wakiacha kula, huwa mnawapumzisha wote?

Babu yako,
Bingwa wa drafti wa mtaa mzima, sijashindwa na sitashindwa


Kliniki ya Mifugo
Alhamisi, 20 Februari

Babu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Mkuu akaja kuchungulia.

Mwambie Mzee Kinyozi asilie. Punda wa miaka mitatu minne yuko katika kung'oa meno ya utoto, kama watoto wa watu. Jino jipya linasukuma kutoka chini, la utoto halijataka kuachia, fizi zinauma, na kutafuna kunakuwa kazi. Ampe majani laini, maji safi, na amwache. Asubiri wiki chache, litapita lenyewe. Hongera zake kwa kupata punda!

Kuhusu wazee: hapana, si wote. Lakini mnyama akishakuwa mzee na hawezi tena kula kwa namna yoyote, mara nyingine wema ni kumpumzisha. Mwambie wake bado, ana miaka mingi mbele.

Huku paka wa jirani amezaa ndani ya boksi la chanjo. Mkuu alitangaza kwamba kliniki si hoteli na boksi liondoke kabla ya saa sita. Saa sita nilimkuta amechuchumaa na kisahani cha maziwa, akasema anatafuta kalamu yake. Mwoka mikate naye alileta bata aliyemeza kifungo. Kifungo kimetoka salama, kimerudi kwenye koti, na bata anamfuata mwenyewe kazini kila asubuhi, anapita katikati ya watu kama ndiye mwenye tanuri.

Napenda kazi hii, babu. Wakati mwingine naogopa mtu atakuja kuniambia nimekosea mlango.

Mkune Meneja.

Mjukuu wako


Nyumbani
Jumatano, mwanzo wa Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Jana nilimfunga Kinyozi drafti mpaka akasingizia jua. Ukiambiwa vingine, ni wivu.

Na hakuna wa kukwambia umekosea mlango. Akitokea, mwandikie aje kwangu, nitamwonyesha mlango ulipo.

Sasa kuhusu yule punda wa Kinyozi. Umesema litapita. Tumesubiri, yaani amesubiri. Halipiti. Majani laini anayamumunya na kuyatema. Nikamsagia mahindi, yaani Kinyozi alimsagia, nikampikia uji, yaani Kinyozi. Uji anakunywa kidogo, halafu ananitazama. Ukimgusa shavuni anavuta kichwa, na yeye si wa kuvuta kichwa, miaka yote hii hajawahi kunivutia kichwa. Mbavu zimetokeza.

Nauliza tu. Wewe umesoma, mimi ninataka kupima ulivyosoma. Tuseme Kinyozi amedanganywa mnadani. Tuseme punda si wa miaka minne. Tuseme ni wa miaka ishirini na kitu, mtu amekaa naye tangu wewe hujazaliwa. Je, hapo ingekuwa ni nini? Na dawa yake ni ipi? Nataka ya kunywa. Ya kuchoma sindano hatutaki hapa, Kinyozi ameikataa kabisa, amekuwa mkali sana juu ya hilo.

Meneja ni mzima. Nilishakwambia.

Babu yako,
Bingwa


Kliniki ya Mifugo
Jumatatu, 10 Machi

Mzee wangu Kinyozi,

Shikamoo. Ni mimi, mjukuu wa jirani yako, yule uliyekuwa ukimnyoa akiwa amekumbatia kuku. Sasa ni daktari wa wanyama.

Babu ameniandikia mara mbili kuhusu punda wako, ila maelezo yake hayapatani, mara punda ni kijana, mara ni mzee. Naomba unieleze wewe mwenyewe, bila yeye kujua. Ana umri gani hasa? Anatafuna upande mmoja? Tafadhali jibu haraka, nisije nikatoa ushauri wa mnyama mwingine.

Wako mtiifu


Kinyozi, Karibuni Wote
Ijumaa, 14 Machi

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Nimeibandika barua yako kwenye kioo, wateja waisome wakati nanyoa.

Mimi sina punda.

Sijawahi kuwa na punda. Nina paka, na hata huyo ni wa mwenye nyumba. Punda aliye hapa ni mmoja, ni Meneja wa babu yako, na hali yake si nzuri. Kila asubuhi mzee anatoka na sufuria ya uji, anakaa juu ya ndoo, anaupuliza upoe, anamnywesha kwa kata. Mwenyewe anakunywa kinachobaki. Nikamwuliza, "Mzee mwenzangu, punda ana nini?" Akanijibu, "Anapunguza mwili, daktari kamshauri." Nikasema, "Mwili upi?" Hakunisemesha siku nzima, ikabidi nicheze drafti peke yangu, na hata hivyo babu yako alisimama dirishani akinionyesha pa kusogeza kete.

Siku hizi amemfunika shuka. Shuka jipya la maua, alilokuwa amemwekea mgeni. Amelifunga chini ya tumbo kwa kamba ili watu wasione mbavu. Upepo ukilipeperusha analikimbilia kama mtu aliyevuliwa nguo njiani.

Jana alikuja, akakaa kwenye kiti changu bila kutaka kunyolewa. Akaniambia, "Mjukuu wangu akija akiuliza, sema mimi na Meneja tumesafiri." Nikamwuliza wapi. Akasema, "Popote." Kisha akanyamaza. Umemjua babu yako tangu utoto. Wewe umewahi kumwona amenyamaza?

Njoo, mwanangu.

Kinyozi wenu

Na kuhusu drafti, ananifunga nikiwa usingizini tu.


Kliniki ya Mifugo
Jumanne, 18 Machi

Babu,

Shikamoo. Nimepata barua kutoka kwa mwenye punda. Anasema hana punda.

Sitaki kukugombeza. Nilianza barua ya kukugombeza nikaichana. Ila nataka uelewe umefanya nini. Niliposema "subirini", nilikuwa naongea na punda wa miaka minne. Meneja amekaribia mara saba ya hiyo. Punda mzee meno ya nyuma hayadondoki na kuota mengine. Yanalika vibaya, upande mmoja juu, upande mwingine chini, yanabaki na ncha kali kama kisu cha kopo. Kila akitafuna anajikata shavu na ulimi. Ndiyo maana anadondosha tonge. Ndiyo maana anavuta kichwa. Ana njaa, babu, ana njaa na chakula kimo mdomoni. Kusubiri kwangu mimi ndiko kunakommaliza, na ushauri huo niliutoa huku nacheka.

Nimeomba ruhusa kwa Mkuu. Nataka kuja haraka iwezekanavyo. Endelea na uji, mwembamba, wa vuguvugu. Mtoe lile shuka, joto litamsumbua.

Kwa nini hukuniambia ni Meneja? Mimi si ndiye wa kuambiwa wa kwanza?

Mjukuu wako


Safarini
Jumatatu, 24 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Usije. Hatupo. Mimi na Meneja tumesafiri na barua hii naiandika njiani. Mhuri wa posta ya hapa usiutazame, walikosea.

Kinyozi si rafiki yangu tena. Drafti nimemrudishia. Kete mbili nimebaki nazo kwa hasira.

Umeuliza kwa nini. Basi nitakwambia kwa nini, maana sijawahi kumwogopa mtu na sitaanza na mtoto niliyemfunga nepi. Nilisoma mwenyewe, kwa macho haya. Punda mzee. Hali. Hanywi. Ukampumzisha kwa sindano. Nikakuuliza kwa njia ya adabu, kupitia kwa Kinyozi, na wewe ukaandika tena: mzee, hawezi kula, wema ni kumpumzisha. Mara mbili! Sasa nikikwambia Meneja ni mzee na hali, utafanya nini? Utakuja na wema wako ndani ya mkoba.

Mimi wema huo siutaki. Najua kazi yako ni nzuri na watu wanakusifu, na mimi ndiye wa kwanza kukusifu, ninakusifu mpaka watu wananikwepa. Lakini huyu alikubeba wewe siku ulipokuwa na homa na mto umejaa. Maji yalimfika kifuani na hakusita, na hapo alikuwa hajawahi kufanya jambo lolote bila kubembelezwa, ndiyo maana tulimwita Meneja. Mwenzangu huyu. Mimi naongea, yeye anatikisa sikio, siku inapita. Na hata mimi ni mzee, kuna siku chakula hakipiti. Utanijia na mkoba?

Uji nampa. Shuka nimelitoa.

Babu yako


Kliniki ya Mifugo
Ijumaa, 28 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika kwa maneno mafupi. Usiruke hata moja. Ukikwama, mpelekee Kinyozi, na umrudishie kete zake.

Punda wa mfyatua matofali aligongwa na lori. Mfupa wa nyonga ulisagika. Hakuweza kusimama. Niliandika hivyo, na nadhani ndipo uliporuka. Hakupumzishwa kwa sababu ya uzee. Hakupumzishwa kwa sababu ya kutokula. Alipumzishwa kwa sababu hapakuwa na mkono wa daktari yeyote duniani wa kumsimamisha.

Ya Meneja ni meno. Meno yana tiba.

Nitakuja na sindano moja. Itamsinzisha tu, akiwa amesimama palepale, kichwa kizito kama mtu aliyeshiba. Nitamfungua mdomo kwa chuma chenye kamba za kuzungushia kichwani. Nitaingiza mkono na tupa ndefu na kuzilainisha zile ncha. Basi. Sindano hiyo utaishika wewe mpaka dakika ya kuitumia.

Sikudanganyi. Inawezekana nikakuta jino limeoza mpaka ndani ya taya, na hapo itakuwa kazi kubwa zaidi. Ikiwa hivyo, nitaacha kila kitu, tutakaa chini, mimi na wewe, na hakuna kitakachofanyika bila neno lako. Nakuahidi.

Nami nikwambie langu. Naogopa. Chuoni nilipiga tupa meno ya farasi na mwalimu yuko mgongoni kwangu. Peke yangu sijawahi. Na mgonjwa wangu wa kwanza wa meno ndiye mnyama ninayempenda kuliko wote, na tayari nimeshamkosea mara moja bila kumwona. Nikimwambia Mkuu kwamba naogopa, nadhani atasema nenda na mtu mwingine. Sitaki mtu mwingine. Nataka wewe umshike kichwa, maana mikononi mwako anatulia, na labda nami nitatulia.

Niandikie neno moja tu. Nimeshafunga mkoba.

Mjukuu wako


Nyumbani, hatujasafiri
Jumanne, 1 Aprili

Mjukuu wangu,

Sikuruka.

Njoo.

Babu yako


Kliniki ya Mifugo
Jumatatu, 14 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Nimerudi kazini. Mkuu alizipokea tupa zake, akazihesabu, akazinusa, akaniuliza, "Vipi?" Nikafungua mdomo kueleza, nikaanza kulia, na kasuku wa mwenye duka, ambaye amerudi na kucha ndefu, akasema, "Toka hapa!" Tukacheka wote mpaka Mkuu akakaa juu ya mizani ya ng'ombe. Ameniambia kuanzia leo wagonjwa wote wa mdomo ni wangu. Amesema na ile kliniki ya safari, ya kuzunguka vijijini na gari, niisimamie mimi.

Nieleze kila kitu. Anakula nini? Anatafuna pande zote? Lile shimo la jino nililong'oa limefunga? Unampangusa kwa maji ya chumvi kama tulivyokubaliana, au unampangusa unapojisikia?

Geuza ukurasa, nina habari nyingine, kubwa.

(ukurasa wa pili)


Nyumbani
Jumanne, tarehe ishirini na mbili Aprili, nimeuliza

Kwa Daktari Mkuu wa Midomo, mjukuu wangu, mkono wangu wa pili,

Marahaba, marahaba tena. Huyo kasuku mlete kwangu mwezi mmoja, atarudi anaamkia watu.

Sasa tulia nikueleze, maana wewe ulikuwa mle ndani ya mdomo, mambo ya nje hukuyaona. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Wewe mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, taa imekaa kwenye paji la uso, tupa inalia kama mtu anayekwangua ukoko, na Meneja amesinzia, mdomo wa chini umening'inia, ananikoromea shavuni. Mtu mmoja akasema, "Yule binti hodari." Nikamwambia, hodari, ndiyo, lakini kichwa kimeshikwa na nani? Asiyeshika kichwa hana kazi hapa. Wamekubali wote.

Uliposimama ghafla ukasema, "Babu, lipo moja bovu," mimi niliogopa. Sikuonyesha. Kinyozi anasema nilionyesha. Ukasema, "Linacheza. Nalitoa, au niache tuongee?" Nikamshika Meneja kichwa vizuri zaidi, nikasema, "Litoe." Na ulipolitoa, likakaa kiganjani mwako jeusi kama mbegu ya embe iliyoungua, ukalia na kucheka kwa pamoja, pua inatiririka, na koti lako lile lenye mikono mirefu limelowa mate ya punda mpaka begani. Nimeishi miaka mingi. Nimeona mambo mengi, makubwa, ambayo mengine niliyafanya mimi. Sijaona kitu kizuri kama hicho.

Basi, majibu yako. Anakula. Wiki ya kwanza uji mzito, halafu majani laini, halafu akaamua mwenyewe. Amekula ufagio. Amekula taulo la Kinyozi likiwa bado shingoni mwa mteja, mteja akakimbia amenyolewa nusu, na mpaka leo anazunguka na hiyo nusu kwa sababu anaona haya kurudi. Kinyozi alikuja kunigombeza. Tukakaa, tukacheza drafti, na matokeo sitayaandika kwa heshima yake. Mbavu zinafichika sasa, unaziona tu akivuta pumzi. Asubuhi analia kwa sauti ile ya zamani, mtaa mzima unaamka, na hakuna aliyelalamika mbele yangu. Shimo limefunga. Maji ya chumvi nampangusa asubuhi na jioni, usiniulize mambo ya kitoto.

Lingine ujue, nimeanza kukusaidia kazi. Watu wanaleta wanyama hapa, wanasema mpelekee barua daktari. Nawapanga mstari. Jambo la kwanza nawauliza, mnyama ana umri gani na ni wa nani. Na nawaonya kwa ukali kabisa wasinidanganye. Maana kuna watu, mjukuu wangu, wana tabia ya kumdanganya daktari umri wa mnyama, na mnyama ndiye anayeumia. Watu wa ajabu sana. Nimemwambia Kinyozi hivyo, akaangusha mkasi, sijui ana nini.

Kwa hiyo ukija na hilo gari lenu la kuzunguka, kuna mbuzi anayepiga chafya, ng'ombe wawili wenye kwato mbaya, na kuku mmoja anayejiona jogoo, huyo sijui kama ni ugonjwa. Na popo wamehamia darini kwangu. Sijawafukuza. Nimewatazama bila haraka, kama ulivyosema. Sura mbaya vilevile, lakini wana masikio mazuri.

Sasa kuhusu barua yako. Ukurasa wa kwanza nimeusoma wote, mpaka pale ulipoandika geuza ukurasa, nina habari kubwa. Nikauweka ule wa pili juu ya ndoo, nikaenda kuchukua miwani, maana nimepata miwani mipya na nilitaka kuisoma habari kubwa kwa heshima yake. Kurudi, namkuta Meneja anao mdomoni.

Ningeweza kumnyang'anya. Nusu ilikuwa bado nje. Lakini niliposikia ile sauti, kra, kra, kra, upande wa kulia, halafu akauhamishia kushoto, taratibu, kama mtu anayesoma, nikasimama. Miwani mkononi. Akatafuna mpaka kona ya mwisho, akameza, nikatazama chini. Hakudondosha hata kipande.

Kwa hiyo niandikie tena hiyo habari kubwa. Na safari hii tuma karatasi tatu, zangu mbili.

Babu yako,
aliyeshika kichwa